Matusi ya Mama Mkwe

Siku ya arobaini na moja tangu mlima uporomoke na kuzika watu kumi na mmoja, mumewe akiwemo, Burulcha aliamka akakuta viazi vyake vimelala chini kwa kiu. Mfereji wa kijiji ulijaa matope na hakuna aliyeshika koleo. Kila nyumba iliitazama ya jirani. Nani aanze kuhangaika na shamba lake wakati mwenzake bado analia? Wiki moja zaidi ya namna hiyo na viazi vyote vingekufa, na kijiji kizima kingehamia mjini kubeba mizigo sokoni.

Basi Burulcha akaamua kusema uongo.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya kuwakumbuka marehemu. Akakanda unga, akakata borsok, akavikaanga vimandazi hivyo mpaka harufu ya mafuta, ambayo ndiyo riziki ya wafu, ikatapakaa njia nzima. Kisha akabeba sinia nyumba hadi nyumba.

"Mama mkwe kanijia ndotoni," alisema kila alikofika. "Kafura huyo! Na wazee wote wako nyuma yake. Anasema mfereji waliuchimba wao, sisi hata kuuzibua tumeshindwa. Wewe kakuita gunia la pumba."

Mama mkwe yule alikuwa na mdomo mchafu kuliko wote bondeni, na miaka ishirini ya kaburi haikumsahaulisha mtu. Watu walitafuna, wakaguna, wakainuka kutafuta koleo. Mwenye duka alitaka kujua kama jirani yake naye katukanwa.

"Kuliko wewe," Burulcha akamhakikishia, na mwenye duka akatoka ameridhika.

Kazi ilikuwa kwa Osmonkul, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Bila yeye wanaume wa ukoo wasingetoka. Alikuwa amepoteza ndugu na mjukuu kwa siku moja, na tangu hapo alikaa tu akitazama ukuta.

"Mimi Mama kaniambiaje?" aliuliza.

"Kasema, mwambie huyo... Baba Mrefu..."

"Mama hajawahi kuniita Baba Mrefu. Hilo ni lako wewe, shemeji."

Kwa desturi yao, mwanamke hatamki jina la mumewe wala la wakubwa wa upande wa mume. Burulcha alikuwa amelikwepa jina la mzee huyu miaka arobaini na sita. Hata mbele ya karani wa serikali aliomba mtu mwingine alitaje. Sasa kabanwa. Akishikilia adabu, uongo unafichuka, na mfereji ndiyo basi tena.

"Kasema: Osmonkul! Inua hayo makalio, mbwa wewe!"

Mke wa mwana wa Osmonkul aliangusha bakuli la chai. Mzee akamkodolea macho Burulcha. Mabega yake yakaanza kutikisika. Burulcha akadhani analia, kumbe anacheka, halafu akalia kweli, na huku akilia akaagiza aletewe viatu.

Kufikia adhuhuri watu hamsini walikuwa mferejini, wakitambiana kwa matusi ya marehemu, kila mmoja akidai lake ndilo kali zaidi. Burulcha alizoa matope kwenye kipande cha mfereji kilichokuwa cha mumewe. Osmonkul akamsogelea.

"Na ndugu yangu? Naye kasemaje huko ndotoni?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini, ukakataa kutoka.

"Hajanijia hata mara moja," alisema. "Hakuna aliyenijia. Nalala mapema nimsubiri, shemeji. Haji."

Mzee hakushangaa. "Najua. Mama asingeniita mbwa. Mbwa aliwapenda."

"Sasa mbona umekuja?"

"Wewe ulijua hakuna ndoto, mbona ulibeba sinia?" Akashuka mferejini kando yake. "Sikiliza. Ukimwona ndugu yangu wewe kwanza, mwambie mfereji tumeuzibua. Nikimwona mimi kwanza, namwambia ni nani aliyetudanganya."

Burulcha akalia papo hapo, mbele ya kijiji kizima, kwa mara ya kwanza tangu mlima ushuke. Koleo hakuliweka chini.