Picha ya Kupeleka Msanzi

Redempta alikuwa hajapigwa picha tangu siku ya ndoa yake, na hiyo ya ndoa ilishaliwa na mchwa. Kwa hiyo bintiye Otilia alipofika nyumbani Mollo siku moja ya mwezi wa tatu, kamera ya shule ikining'inia shingoni, akasema mwalimu amewatuma wampige picha mtu anayewalea, mama hakungoja kubembelezwa. Alinawa uso, akafunga upya kitambaa cha kichwani, akachukua jembe na kuongoza njia ya shambani.

"Nipigie hapa," alisema, akasimama katikati ya intumba zake, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake zikaoza na kurutubisha udongo. "Yaonekane yote. Halafu utanitolea nakala moja nimpelekee bibi yako Msanzi. Toka baba yako afariki, anawaambia watu siwezi kulima peke yangu, nirudi kwake. Miguu haimfikishi huku tena. Acha aone kwa macho yake."

Otilia alipiga. Picha ilitoka vizuri ajabu: mama na jembe lake begani, tope mpaka magotini, na nyuma yake matuta yamepanda mwinuko wote hadi yalipokutana na anga. Alipoonyeshwa kwenye kioo kidogo cha kamera, Redempta alicheka hadi akaziba mdomo. "Kumbe ndivyo nilivyo!" alisema, na alivyosema ilionekana wazi kwamba amejipenda.

Mambo yangeishia hapo, asingeumia mtu. Lakini Otilia alikuwa kidato cha tatu, na kidato cha tatu kina wazimu wake.

Miaka ile vitu vya nje vilikuwa vinaingia Sumbawanga kwa fujo: simu za mkononi, majokofu, mitumba ya kila rangi. Shuleni kwao zikaletwa kompyuta tatu zilizochoka huko zilikotoka, na ndani yake programu ya kuchezea picha. Mwalimu Anyelwisye, kijana wa Mbeya aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, akaanzisha kipindi chake. "Fanyeni majaribio," aliwaambia. "Kateni, bandikeni, badilisheni rangi. Msiogope, kompyuta haichapi mtu viboko."

Jenifer, ambaye wazazi wake walikuwa na duka mjini, alikuwa wa kwanza kufungua picha. Mama yake amesimama mbele ya jokofu lililojaa soda, hereni zinameta. Darasa zima likasema aisee. Otilia alikuwa bado hajafungua yake. Aliisogeza kompyuta ikatazama ukutani, ndipo akaifungua, na lile tope alilolipenda kule shambani sasa likamchoma macho. Alimwonea haya mama yake. Tusilipambe jambo hili: alimwonea haya mama aliyekuwa akimlipia ada kwa yale yale matuta.

Palikuwa na sidii yenye picha za mfano. Ndani yake Otilia alimkuta mwanamke amekaa ofisini, suti ya bluu, simu ya mezani pembeni, vidole vyembamba vimepakwa rangi. Ilimchukua vipindi vinne. Alikikata kichwa cha mama taratibu kuzunguka sikio na kitambaa, akakibandika juu ya ile suti, akalainisha shingo mpaka mshono ukapotea. Kazi ilikuwa safi, hilo lazima tumpe. Alipotaka kuihifadhi, kompyuta ikamuuliza kama kweli anataka kuifuta ile ya zamani aweke mpya. Akabonyeza ndiyo. Kwenye kamera ilikwisha kufutwa, maana nafasi ilikuwa ndogo na darasa lingine lilikuwa linasubiri.

"Hayo ndiyo majaribio!" mwalimu alisema, akifurahia ufundi. "Andika maelezo chini yake." Otilia akaandika: Mama yangu akiwa kazini. Jenifer akasoma, akauliza kwa heshima kabisa, "Kumbe mama yako yuko ofisini?" Na Otilia akajibu, "Ndiyo, halmashauri."

Wino wa kuchapia uliagizwa Mbeya, ukachelewa miezi. Kila wiki mama aliulizia picha yake, na kila wiki Otilia alijibu, "Wino bado, mama." Mvua za kwanza zikaanguka. Redempta akayavunja matuta yote na kuusambaza ule udongo mweusi apate kupanda ulezi. Shamba likawa tambarare.

Siku ya wazazi, Otilia hakumwambia mtu nyumbani. Lakini tangazo lilisomwa kanisani baada ya misa, na Redempta hakuwa mtu wa kupitwa na tangazo. Alikuja kwa miguu, amevaa kitenge cha kina mama wa kanisa, akaingia ukumbini na kuanza kutazama picha moja moja ukutani. Akajikuta.

Akaitazama mikono yenye rangi ya kucha, akailinganisha na yake. Kisha akasoma maandishi kwa kidole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa utotoni. Otilia alikuwa hatua mbili nyuma yake.

"Shikamoo mama," Jenifer alisema, akijisogeza. "Wewe ni ndugu yake mama Otilia? Mmefanana mno!"

Redempta aligeuka akamtazama binti yake, bila hasira, akangoja. Alimpa nafasi. Otilia aliona kabisa kwamba anapewa nafasi, akainamisha macho akaviangalia viatu vyake.

"Marahaba, mwanangu," Redempta akamwambia Jenifer. "Ni dada yangu huyo. Leo kazi zimembana, kanituma mimi."

"Karibu sana, mama mdogo," Jenifer akasema, akamletea kiti.

Otilia alitamani mama yake apige kelele, amzabe kofi mbele ya watu wote. Kofi lingepoa. Badala yake alimwona mama akikaa kwenye kile kiti, mikono ameificha ndani ya kitenge, akipiga makofi taratibu kila mtoto wa mtu alipotajwa.

Jioni walipofika nyumbani, Otilia akiwa na ile picha mkononi, mama aliuliza jambo moja. "Ile yangu ya shambani iko wapi?"

"Niliifuta, mama."

"Haiwezi kurudi?"

"Haiwezi."

"Na matuta nimeshayavunja," Redempta alisema, si kwa kulalamika.

Mjomba Felisian alikuwa anaondoka kesho yake kwenda Msanzi, na bibi alikwisha kuahidiwa picha. Redempta akaipokea picha, akachukua mkasi wake wa kushonea, akakaa mlangoni penye mwanga. Alikata polepole, kuzunguka sikio, kuzunguka kitambaa, akafuata njia ile ile aliyopita binti yake. Kichwa kilipotoka, kidogo kama kifungo cha koti, alikifunga ndani ya karatasi ya daftari.

"Bibi yako atanijua kwa uso," alisema. "Yaliyobaki ataniuliza."

"Mama, nisamehe."

"Hiki ni changu," Redempta akasema, akikitia kile kikaratasi ndani ya blauzi. Akamnyooshea Otilia kipande kilichobaki, ile suti ya bluu na mikono yake mizuri. "Huyu mrudishie mwenyewe."

Akaenda kuwasha moto. Otilia alibaki mlangoni na yule mwanamke asiye na kichwa, hajui amweke wapi.