Mteja wa Kwanza wa Mama Hanh

Mwaka 2006, kila Mwafrika aliyefika Guangzhou kununua nguo aliijua njia ya kwenda Zhanqian, mtaa wa maduka ya nguo za jumla. Wachache walijua kwamba nyuma ya maduka yale makubwa palikuwa na jengo la ghorofa tatu la Wavietnam. Chini waliuza hariri, kahawa na kandambili. Juu kabisa palikuwa na ukumbi wao. Jumamosi watoto walifundishwa humo kuandika lugha ya kwao, wazee walicheza sataranji, wanawake walipika supu ya tambi kwa masufuria, na mwenye sauti nzuri na mwenye sauti ya chura waligombea maikrofoni moja.

Elinami, mwanafunzi kutoka Moshi aliyekuwa akimalizia chuo mjini humo, ndiye Mwafrika pekee aliyekuwa na mahali pa kukaa katika ukumbi ule. Mama Hanh, muuza hariri wa ghorofa ya chini, alimkuta siku moja ya mvua amejibanza mlangoni pake, akamuuliza kama amekula. Hakuwa amekula. Tangu hapo, Jumamosi za Elinami zilikuwa na kwao.

Jumamosi moja alifuatana na Mama Scholastique, mfanyabiashara wa Lubumbashi, ili amfanyie ukalimani. Mama huyo alitafuta hariri ya sare za kwaya.

"Petit, hawa watu wako wanapunguzaka bei?" aliuliza njiani, kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi kilichochanganyika na Kifaransa.

Hapo ndipo ulimi ulipomponza Elinami. Alitaka aonekane mjuzi.

"Ndiyo maana nimekuamsha mapema, mama. Kwao ni kama kwetu: mteja wa kwanza ndiye anayefungua siku. Akitoka mikono mitupu, duka lina nuksi mpaka jioni. Hawamwachi aende. Wewe kata bei mpaka uchoke."

Mama Scholastique alicheka, akampiga mgongoni. "Eeh! Weye njo mwana wa soko!"

Elinami akachekelea sifa. Kwamba siri hiyo aliijua kwa mama yake, muuza vitenge wa soko la Mbuyuni, aliyemwambia kila mteja wa asubuhi "nifungulie, mwanangu" kama mtu anayeomba dua, hilo hakutaka kulikumbuka.

Walimkuta Mama Hanh anawasha udi mbele ya madhabahu ndogo iliyokaa sakafuni karibu na mlango. Alipomwona Elinami, uso ulimchanua.

"Mtoto wangu ameniletea mteja wa kwanza!" alimwambia jirani, kwa Kichina ili Elinami naye asikie. "Leo nitauza!"

Akataja bei bila kuitia chumvi.

"Tai gui!" alisema Mama Scholastique. Yaani ghali mno; Kichina chake kiliishia hapo. Akataja nusu.

Mama Hanh akacheka, akashusha. Akabanwa, akashusha tena, na kicheko kikapungua. Mwishowe alimgeukia Elinami, akasema kwa sauti ya chini, "Mwambie nikishuka tena nitakula hasara. Lakini achukue hata kipande kimoja. Nifungulieni tu."

Elinami aliona Mama Hanh amebakiza kidogo alegee. "Anasema amefika mwisho," alitafsiri. Yaliyobaki akayameza.

"Mwisho? Non. Tutoke. Ataita."

Wakatoka polepole, kama watu wanaongoja kuitwa. Hakuna aliyewaita.

Elinami akageuka. Mama Hanh alikuwa amesokota kipande cha gazeti na kukiwasha, anakipitisha juu ya kizingiti, kushoto na kulia, pale pale waliposimama. Hakuonyesha hasira. Alikuwa kama mtu anayesafisha kidonda. Wauzaji wa maduka ya jirani wakageuka, kila mmoja akitazama.

"Ule mama iko nafanya nini?"

"Anatufukuza," alisema Elinami. "Sisi na mkosi wetu."

Mama Scholastique alimtazama, akaangua kicheko. "Sasa unanuna nini? Si weye njo ulinifundisha?"

Alikwenda zake kutafuta duka jingine. Elinami alibaki kwenye ngazi, hawezi kupanda, hawezi kuondoka. Mchana ulipofika aliingia dukani.

"Mama Hanh, yule mama hakujua kitu. Mimi ndiye niliyemwambia tuje mapema, kwamba hutaweza kutuacha tuondoke. Na ulipomwomba achukue hata kimoja, sikumfikishia."

Mikono ya Mama Hanh ilisimama juu ya kitambaa alichokuwa akikunja.

"Nilidhani ni ugeni wake," alisema. Kisha akauliza, "Mambo haya ulifundishwa na nani?"

"Mama yangu. Anauza vitambaa sokoni."

Mama Hanh alimtazama kwa muda mrefu, kama anayemtafuta mama huyo katika uso wake. Elinami alitamani atukanwe. Tusi angelijua pa kuliweka.

"Panda juu," alisema, akirudia kukunja. "Supu inapoa."

Ukumbini habari zilikuwa zimemtangulia. Hakuna aliyemnunia. Walimsalimu, wakampa bakuli lililojaa supu, na vijiti vya kulia. Ila kwenye lile benchi ambalo siku zote alibanwa bega kwa bega, akigongana viwiko na wazee, leo walisogea. Walimpisha kwa adabu, wakamwachia nafasi kubwa kuliko mtu mmoja anavyohitaji. Elinami akakaa katikati ya nafasi hiyo, akala supu yote, maana kuibakiza kungekuwa kosa jingine.