Ini Kwenye Mashine

Dada mtu hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Ini lililotolewa kwa marehemu mmoja lilikaa kwenye barafu kupita kiasi, kwa kuwa barabara ilifungwa, na sasa madaktari hawaliamini. Ndiyo maana wameliweka kwenye mashine, linapitishiwa damu ya uvuguvugu, waone kama bado lina uhai. Likitoa nyongo, mdogo wake anapandikizwa. Lisipotoa, basi tena.

Huyo mdogo mtu, fundi rangi, alilala wodini mwili mzima manjano mpaka macho. Asubuhi aliwatania wauguzi kwamba ameshapaka nyumba za watu weee, safari hii kajipaka mwenyewe. Walicheka. Dada mtu alitoka nje akalia.

Sasa kabandika uso kwenye kioo cha chumba cha mashine. Ini lilikuwa ndani ya beseni lake, limefunikwa plastiki, na kimrija chembamba kikitoka ubavuni kwenda kwenye chupa. Chupa tupu. Jamani, hivi chupa nayo inaweza kumtesa mtu kiasi hiki?

Kando yake alisimama mama mmoja, ambaye mwanawe aliitwa awe mgonjwa wa akiba, endapo wa kwanza atashindwa kupandikizwa. Walisalimiana kwa adabu, kisha kila mmoja akaliombea ini lilelile. Dada mtu alimchukia yule mama, tena kwelikweli, wala hakuona haya.

Mchana mtaalamu wa mashine akainama, akagonga kimrija kwa ukucha. Tone la nyongo likashuka, zito, la kahawia. Likafuata jingine. Dada mtu akajikuta amemkumbatia huyohuyo aliyemchukia.

Ndipo daktari mpasuaji akaja, akitokea wodini. Homa imempanda fundi rangi ghafla, maambukizi yameingia kwenye damu. Akipasuliwa leo hatoki mezani. Na ini halingoji.

"Halafu?" dada mtu akauliza, ingawa alishaelewa.

Daktari akamgeukia yule mama, akamwambia mwanawe aandaliwe. Mama hakusogea. Alimtazama dada mtu kama anayeomba ruhusa.

"Nimeliombea mimi," dada mtu akasema, kwa sauti ndogo. "Toka asubuhi, nimeliombea mimi."

"Najua, mwanangu."

"Basi nenda. Nenda kabla sijakung'ang'ania."

Akaenda. Dada mtu akarudi wodini, akavuta kiti. Fundi rangi akafumbua macho, akauliza kama ini limeamka. Akamjibu kwamba limeamka. Mdogo wake akatabasamu, akaomba apanguswe uso, daktari asije akamkuta hivi.