Shada la Mikono Miwili

Baba wa bibi harusi alikuwa seremala mstaafu, mtu wa kujikaza kisabuni. Tangu apatwe na kiharusi mguu wake wa kushoto uliburuta, lakini alikwishakata shauri: siku ya harusi fimbo itabaki nyumbani. Atamshika binti yake mkono na kumfikisha mbele ya watu kwa miguu yake mwenyewe. Kila alfajiri alimwomba Mungu hilo tu, kisha akazunguka ua akishikilia ukuta.

Binti alipompitisha kwa muuza maua, mzee akajikalia kwenye kiti. Mambo ya maua aliwaachia wenyewe. Muuza maua walimwita Mama Ndoo, maana dukani kwake hupati pa kukanyaga kwa wingi wa ndoo.

"Mwanangu, yale mashada ya duara kama kabichi yamepitwa na wakati," akasema Mama Ndoo. "Siku hizi ni la kumwagika. Waridi huku juu, majani na nyasi kavu zinateremka mpaka magotini. Rangi zake za kufifia, kama nguo iliyofuliwa sana."

"Hilohilo! Nimeliona kwenye simu mpaka nikaliota."

Mama Ndoo akampa la mfano, la maua ya plastiki. "Mikono miwili, mwanangu. Ukilishika kwa mmoja linapinda, maua yanaangalia chini kama yamefumaniwa."

Binti akalishika, akatembea mbele ya kioo. Uso ulimng'aa. Mzee naye akatazama, akaona mikono yote miwili imeshughulika. Hapakuwa na pa kushika.

"Umependeza, mama," akasema. "Chukua hilo. Mjomba wako atakusindikiza. Mimi nitakaa mbele."

"Baba! Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana kabla sijaliona shada."

"Basi silitaki."

"Unalitaka, nimekuona. Sitaki uangalie picha zako miaka yote useme, baba ndiye aliyeninyima."

"Na mjomba je? Anatembea kama anakimbilia basi! Nitafika mbele nahema."

Mama Ndoo akacheka, halafu akaona wenzake hawacheki. Akainama kwenye ndoo, akatoa mayungiyungi yenye mashina marefu, akayafunga utepe. "Mnagombana hata hamjamaliza kuangalia. Hili ni la kupakata. Lilisahaulika, sasa wanaliulizia tena." Akamlazia binti maua kwenye mkono wa kulia, kama anavyopakatwa mtoto.

Binti akajitazama kwenye kioo. Uso haukung'aa kama mwanzo, na mzee akaliona hilo pia.

"Silipendi kama lile," binti akasema. Akatoa kiwiko cha kushoto. "Lile nitaliangalia kwenye simu. Inuka, baba."

Mzee angeweza kubisha, lakini kiwiko kilikuwa pale kinamngoja. Akainuka, akakishika, wakaanza kupita katikati ya ndoo. Karibu na mlango mguu ukagonga ndoo, maji yakaruka, na uzito wake wote ukamwangukia binti. Binti akayumba kidogo, akasimama imara. Mayungiyungi yakabaki yamelala mkononi.

"Nimekuumiza?"

"Kidogo."

Mzee akavuta pumzi, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mama Ndoo alikwishashika tambara, anauliza utepe uwe wa rangi gani.

"Turudi mpaka kwenye kiti," mzee akasema. "Na safari hii usinivute."