Fukusi wa Mama Mkwe

Watu wengi wakianza kuwasifia wakwe zao, ujue kuna kitu wanakitaka. Mimi sitaki kitu. Nilichokitaka nimeshapewa, na aliyenipa ni mwanamke ambaye siku ile niliona heri apande basi arudi kwake. Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana nikianzia katikati nitaonekana mimi ndiye mbaya.

Mimi na mume wangu tunafanya kazi kwenye pampu ya maji ya mji. Nyumba ni ya ofisi ya maji, vyumba viwili na jiko, na ukuta wa jiko ndio huohuo ukuta wa chumba cha mashine. Pampu ikiwaka, vikombe vinacheza kabatini. Mimi ndiye ninayewasha na kuzima na kupima dawa ya maji. Mume wangu ni fundi, na beringi ikianza kulia anaitambua kabla hajanawa uso. Nyuma ya nyumba kuna ngazi za saruji, na ngazi zikiisha ndipo lilipo bwawa.

Wakati ule ungepita ukaliona bwawa letu, ungedhani ni shamba la mboga. Gugu maji lilikuwa limelifunika ukingo hadi ukingo, majani manene yanayong'aa na maua ya zambarau mazuri mno. Uzuri huo ndio uliotuponza. Mmea huu si wa huku. Asili yake ni mbali, ng'ambo, na aliyeuleta alipenda maua yake tu, akayaweka kwenye kidimbwi cha bustani. Mvua kubwa ikanyesha, kidimbwi kikafurika, na maua yakaondoka bila kuaga. Kwao gugu hili lina wadudu wanaolila. Huku lilikuja peke yake, likakuta maji ya bure na hakuna wa kuliuliza linakwenda wapi. Kipande kikikatika kikaelea, kinakuwa mmea. Ukiling'oa lote, mbegu zimelala kwenye tope zinakungoja. Ofisi ilishaleta watu wa kung'oa kwa mikono, ikaleta na mashine ya kuvuna, na gugu likarudi kabla tope la magurudumu halijakauka barabarani. Kupuliza sumu walikataa, kwa kuwa maji hayohayo ndiyo tunayokunywa.

Kusema kweli, bwawa peke yake lisingeninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni chujio. Bomba linalovuta maji lina chujio la chuma mdomoni, chini kabisa, na mizizi ya gugu ilikuwa inaliziba kama nywele zinavyoziba tundu la bafuni. Likiziba, pampu inavuta hewa na mji mzima unafungua mabomba makavu. Kwa hiyo kila asubuhi nilizima mashine, mume wangu akavua shati, akafunga kamba kiunoni, akazama chini ya lile zulia la majani akiwa na kisu. Ncha ya pili ya kamba niliishika mimi, nimekaa ngazi ya mwisho. Alama yetu ilikuwa avute, nami nimvute.

Asubuhi moja hakuvuta. Kamba ililegea, kisha ikakaza kuelekea upande ambao hakupaswa kuwepo, nami nikavuta mpaka viganja vikachubuka. Alitoka mizizi imemzunguka shingo, midomo imepauka, akatapika maji hapohapo kwenye ngazi. Neno lake la kwanza aliporudi duniani lilikuwa kwamba nisimwambie mama yake. Nilicheka huku nalia, na kesho yake alizama tena, maana mji unataka kunywa.

Ndipo alipokuja Bi Fukusi. Jina hilo alipewa na mume wangu, naye akalipenda. Ni mtafiti wa wadudu, mwanamke mrefu mwenye maneno ya polepole, na alitujia na ndoo iliyofungwa chandarua. Ndani mlikuwa na fukusi wadogo wa kahawia, jamaa wa mbali wa hawa wanaotuharibia mahindi, ila hawa mahindi hata ukiwabembeleza hawali. Walikuwa wamechunguzwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kuvuka mpaka. Chakula chao ni gugu maji, na wakilikosa wanakufa. Alitueleza kwamba hawatalimaliza gugu, lakini watalichosha mpaka liache kushonana. Kazi yetu ilikuwa kuwazalisha kwenye mapipa yaliyopasuliwa katikati, nyuma ya jiko, mle tulimopanda gugu zuri kwa ajili yao. Wakishazaana vya kutosha, tungewahamishia bwawani.

Basi nikawa mfugaji wa fukusi. Wenzangu wakiwaona kwenye unga wanafunika chungio wageni wasione. Mimi nikiona jani limetobolewa nilimwita mume wangu aje tufurahi. Kila tundu nililihesabu kama asubuhi moja ambayo hatazama.

Mama mkwe alikuja katikati ya haya. Alikuwa amestaafu kazi ya kitalu cha miche, kazi aliyoifanya tangu ujana, na alikuja kukaa nasi mpaka mvua ziishe. Mama huyu hawezi kupita karibu na mmea akaacha kuugusa. Atageuza jani, atabonyeza udongo, atakwambia mchicha wako una kiu kabla hajajibu salamu. Mume wangu alikula njama nami tumfiche habari ya kuzama. Alikuwa anakwenda bwawani mama yake akiwa bado kitandani, na akiulizwa mbona nywele mbichi, ameoga. Mama alipouliza habari za mapipa, mume wangu akaona akitaja wadudu itabidi ataje gugu, akitaja gugu itabidi ataje chujio. Akamjibu kwamba ni maua tu ya mke wake.

Siku moja tuliitwa sote wawili ofisini mjini. Tuliporudi alasiri, nyumba ilikuwa inanuka sabuni. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya jiko, mikono ya gauni imekunjwa, uso umetulia kama wa mtu aliyemaliza kazi ya maana. Mapipa yalikuwa yanameremeta. Kila jani lenye tundu lilikuwa limekatwa. Kila mmea ulikuwa umesuguliwa kwa maji ya sabuni na majivu, na fukusi wetu, aliowaokota mmojammoja kwa vidole vyake vya kitaluni, walikuwa wanaelea kwenye kopo la maji ya moto.

Alitwambia kwa upole, bila kujisifu, kwamba maua yangu yalikuwa yanaliwa na sisi tunapita tu, lakini tusiwe na wasiwasi, ameyaponya.

Mori ukanipanda. Bila kungoja hata kuvua viatu, nikasema, "Mama, hao wadudu ndio waliokuwa wamtoe mwanao kwenye maji."

Hakunielewa, na ningemwachia mume wangu aeleze, lakini ulimi wangu ukishaanza hauna breki. Nilimwambia chujio, nikamwambia mizizi, nikamwambia asubuhi ile kamba ilipolegea. Mume wangu alikuwa anatazama chini kama kwamba kuna kitu amekidondosha. Nilipoishiwa na pumzi, sabuni ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye majani.

Mama alimwuliza mwanawe, "Unazama?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Na kamba anaishika nani?"

"Mke wangu."

Nikajiweka tayari. Nilidhani sasa atanigeukia aniulize nimekuwa mke wa namna gani, kumshusha mtoto wake majini kama ndoo, na mimi majibu nilikuwa nayo, tena makali. Badala yake alinyanyuka kwenye kigoda, akanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu kama anavyogeuza majani. Michubuko ilikuwa imeshafanya makovu. Aliyapitishia kidole gumba.

"Asante, mwanangu," akasema.

Majibu yangu makali yote yakapotelea hapo. Nililia mbele ya mkwe, jambo nililokula kiapo siku ya harusi kwamba sitalifanya. Naye alilia, halafu akasema kulia hakufufui wadudu, nimpigie simu mwenye wadudu.

Nilimpigia Bi Fukusi roho ikiwa mkononi. Nilitegemea atavunjika moyo. Yeye akauliza jambo moja tu, majani yaliyokatwa yako wapi. Akatueleza kwamba fukusi wakubwa ndio wanaoonekana, lakini watoto wao, wale mabuu weupe, wanaishi ndani ya vikonyo vya majani, wanatoboa njia humo kama mtu anayechimba ukuta kwa ndani. Kama vikonyo havijakauka wala kuchomwa, huenda baadhi yao bado wazima.

Sote tulimgeukia mama. Mtu wa kitalu akikata jani lililoliwa na wadudu huwa halihifadhi, analichoma, ndivyo walivyofundishana miaka yote. Mama akafumba macho kidogo akikumbuka. Akasema moto alitaka kuwasha, kiberiti alikishika kabisa, lakini shimo la taka lilikuwa karibu na kamba yangu ya nguo na mashuka yangu yalikuwa bado mabichi. Aliona vibaya mashuka ya mkwewe yanuke moshi. Majani akayatupa tu shimoni, akaweka kiberiti mfukoni.

Sijawahi kuyapenda mashuka yangu kama siku ile. Tulipiga magoti wote watatu pale shimoni, katikati ya maganda na majivu, simu tumeiweka juu ya tofali Bi Fukusi akituelekeza. Tulitoa vikonyo vyote. Mimi na mume wangu tulikuwa tunavibanabana ovyo, lakini mama alikuwa anakishika kimoja, anakielekeza kwenye mwanga, anasema huyu yumo, au huyu katoka. Tulisuuza sabuni kwenye mimea mara nyingi kadiri maji ya pampu yalivyoruhusu, tukaweka vikonyo karibu na moyo wa kila mmea ili mabuu wahame wenyewe. Wengi walikufa. Asubuhi zilizofuata mama alikuwa wa kwanza kuamka, anakwenda mapipani hata kanga hajaifunga vizuri. Mwishowe siku moja alitugongea mlango akiwa na jani mkononi, na jani lina tundu.

Mvua ziliisha na hakuondoka. Bi Fukusi alikuwa ametueleza kwamba fukusi huzaana vizuri kwenye gugu lililoshiba, na kushibisha mimea ndiyo kazi aliyozaliwa nayo mama. Akaomba samadi kwa jirani, akatengeneza uji wake, akawa anaonja kwa pua. Mama huyu aliyeua wadudu ujana wake wote sasa alikuwa anamfukuza mjusi kwa fagio asiwasogelee. Akija mezani alikuwa anatupa taarifa kwamba leo wamekula vizuri, na mume wangu anamwuliza kama na yeye anaweza kupata chakula.

Tuliwahamishia bwawani kwa awamu, mimea na wadudu wake, tukaanzia karibu na chujio. Nisikudanganye kwamba gugu lilikimbia. Halikuhisi kitu kwa muda mrefu, na mume wangu aliendelea kuzama. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa sishiki kamba peke yangu. Mama alikaa ngazi ya juu yangu, mikono yake nyuma ya mikono yangu, kamba ikipita baina yetu, na akihesabu pumzi kwa sauti ya chini nilikuwa nazisikia shingoni. Sikuwahi kumwambia jinsi zilivyonipa nguvu, ndiyo maana nayaandika haya hapa.

Kisha majani yakaanza kuwa ya kahawia pembeni. Maua yakapungua. Mvua za mwaka uliofuata zilikuta zulia limechoka, upepo ukalipasua vipande, vipande vikazama. Asubuhi moja niliona kitu nilichokuwa nimekisahau, mbingu ndani ya bwawa. Mume wangu alisimama ngazi ya mwisho amevaa viatu, akashusha reki yenye mpini mrefu, akakwangua chujio kutoka juu, akarudi kunywa chai akiwa mkavu. Mama alimwongezea sukari bila kuulizwa.

Gugu bado lipo kwenye kingo, na litakuwepo, kwa sababu likiisha lote fukusi nao wataisha na mbegu zilizo kwenye tope zitapata nafasi. Tunalichunga tu. Jirani mmoja aliomba ua moja la zambarau aliweke kwenye beseni sebuleni, mama akamsimulia habari ya kidimbwi cha bustani tangu mwanzo hadi mwisho, jirani akaondoka mikono mitupu na chai yake ameiacha nusu.

Siku ya kuamkia safari yake ya kurudi kwake, nilimkuta mama nyuma ya jiko amepanda juu ya kigoda. Alikuwa ameitungua ile kamba ya kuzamia kwenye msumari wake, ameifua kwa sabuni na maji ya moto, na sasa alikuwa anaifunga kutoka kwenye nguzo ya jiko hadi kwenye mti wa uani, mbali kabisa na shimo la taka. Akaniambia ile yangu ya nguo imekaa mahali pabaya, siku moja mtu atashindwa kuchoma uchafu.

Nilimshikia kigoda. Nilitaka kumshukuru kwa maneno ya maana, nikashindwa, nikamwambia tu asante mama, naye akaniambia nimpe vibanio.

Hivi ninavyoandika, shati la kazi la mume wangu linaning'inia kwenye kamba ile. Nimelifua kwa sababu ya grisi tu, maji ya bwawa hayajamgusa.