Bepari Tumbo Aenda Ukweni

Mume wangu Kalisti alikuwa mpole kupita kiasi. Hata kuku wa sikukuu tulimwita jirani aje kutuchinjia. Lakini Jumapili aligeuka Bepari Tumbo, mwanamieleka aliyezomewa kuliko wote kutoka Bomang'ombe hadi Himo. Tumbo lenyewe nililishona mimi, mto wa sufi ndani ya kizibao cha kijani. Aliingia ulingoni na miwani myeusi, sigara nene ya kuigiza mdomoni, akawauliza watazamaji, "Nyie makabwela, nani kawaruhusu kukaa?" Enzi zile za Azimio la Arusha, kujiita bepari hadharani kulikuwa kujitafutia mvua ya maganda ya ndizi. Kalisti aliipata kila wiki, na kusema kweli aliifurahia.

Mpinzani wake alikuwa Alawi, fundi cherehani wa Moshi mjini, ambaye ulingoni aliitwa Jembe la Taifa. Mbele ya watu waliuana, kisha wakala sahani moja. Mshindi walimpanga mapema, na hiyo ilikuwa siri ya kazi ambayo hata mama zetu hawakuambiwa. Na mshindi alikuwa Jembe siku zote. Bepari angeshindaje, kwa siasa ile?

Basi wakaalikwa Kilema, kwetu nilikozaliwa. Kalisti akaanza kuacha chakula. Nilipoona amesukuma hata sahani ya kiburu, zile ndizi za maharage alizozipenda, nikajua mambo si mazuri. Alawi alipokuja kupanga mchezo, Kalisti akamwangukia.

"Alawi, ndugu yangu, kule ni ukweni. Kila Jumapili nalala chali mbele ya watu, sijalalamika. Lakini mbele ya mama mkwe? Nipe siku hii moja tu."

"Ichukue," Alawi akacheka. "Ila hilo tumbo lisinizibe pua."

Ulingo ulifungwa uwanjani, chini ya kanisa: nguzo nne, kamba, majani makavu ya mgomba yaliyotandikwa kwa wingi na turubai juu yake. Watu walitoka misa wakaja moja kwa moja. Mama yangu, Valeria, alikaa mbele kabisa kwenye kigoda. Hakuwa amewahi kuona mieleka maishani mwake, na sasa alimwona mkwewe akitukana kijiji kizima.

Mchezo ulikwenda kama ulivyopangwa. Kalisti akamnyanyua Alawi, akamtupa, akamkalia kifuani na kumpinda mkono. Alawi naye alikuwa fundi wa kupiga mayowe, akalia ungedhani anachunwa ngozi. Ebenezeri, refa wetu kutoka Old Moshi, akapiga goti kuhesabu. Mimi nilikuwa nimeshainuka kushangilia nilipoona kigoda cha mama ni kitupu.

Alikuwa kwenye ua wa kihamba, shamba la migomba la jirani, anachuma jani la isale.

Isale kwetu si jani la mchezo. Aliyekosa humpelekea aliyemkosea anapoomba msamaha, na ukishapelekewa, hata uwe umejaa hasira hadi utosini, hukatai. Ukikataa umejiletea laana wewe na kizazi chako.

Mama akapita chini ya kamba, jani kalifunga fundo, kalishika kwa mikono miwili.

"Kalisti mwanangu," alisema, "sijui huyu kijana amekukosea nini. Kwa isale hili, nakuomba umwachie. Utamuua."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Kalisti alinitazama. Hesabu ilikuwa haijaisha. Akimwachia Alawi, ushindi wake unakwenda, na siku nyingine ya namna hii hatapewa. Nilimwonea huruma mume wangu.

Akavua miwani. Akainuka, akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Aika, mama," alishukuru kwa sauti yake ya nyumbani. "Nimemsamehe."

"Jembe! Jembe!" vijana wa nyuma wakaanza. Ebenezeri akajikuna kichwa, akaangalia jani, akamwangalia Alawi aliyekuwa bado chini, haelewi kitu. Kisha akainua mkono.

"Nyamazeni! Isale hupelekwa na nani?"

"Aliyekosa!" uwanja mzima ukaitika.

"Basi upande wa Jembe umekiri kosa. Ameshinda Bepari!"

Alawi akaruka kama aliyekanyaga siafu. "Mimi sijamtuma mtu! Nishindwe kwa mieleka, sawa. Lakini kwa jani?"

"Hebu tulia, mwanangu," mama akamwambia, akimpangusa vumbi kwa ncha ya khanga. "Tumeshakuombea, na wewe unataka kuharibu."

Makofi yakalipuka. Wazee walisimama. Katibu wa tawi la chama naye alipiga makofi, akatazama huku na huku, akaendelea kupiga. Kalisti akabaki katikati ya ulingo. Alijua sana la kufanya akizomewa; aliposhangiliwa hakujua mikono aiweke wapi.

"Nyie makabwela..." alianza, nao wakazidi kushangilia.

Nikapanda ulingoni, nikamshika mkono. Alikuwa analia waziwazi. Mama akanivuta kando, uso umemjaa wasiwasi, akauliza kama mkwewe ameumia.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ameshinda."