Makopo Mawili Mezani

Nilikuwa nimechoka hata kabla msimu wa kuwinda haujafunguliwa. Tangu alfajiri nilikuwa naendesha basi la shule kwenye theluji, halafu jioni jioni nikapita kwa baba kuchukua risasi zangu. Kwetu huku kaskazini mwa Michigan, tarehe kumi na tano Novemba hakuna shule wala kazi. Kila mtu yuko msituni anamvizia kulungu.

Risasi za ukoo wetu hazitoki dukani. Anazitengeneza baba, mzee Waino, mwaka wa hamsini huu, katika chumba kidogo nyuma ya jiko. Anachukua maganda tuliyopiga mwaka jana, anayasafisha, anayatia fataki mpya za kuwashia, anapima baruti, kisha anabana kichwa cha risasi kwa mashine ya mkono. Siku ya mkesha anatunywesha kahawa na mkate wa iliki, anatugawia visanduku, kila kimoja kimebandikwa jina la mwenyewe. Kununua dukani ni kumtukana mzee.

Na chumba kile kina sheria moja: kopo la baruti mezani ni moja tu, mengine yanakaa kabatini. Mimi nilichapwa kwa kuvunja sheria hiyo nikiwa na miaka tisa.

Basi nikaingia nikakuta makopo mawili, yote wazi. Moja la bunduki. La pili la bastola, baruti inayowaka kwa pupa; ukiijaza kwenye risasi ya kulungu, bunduki inakupasukia usoni.

"Baba, umetumia lipi?"

"Unaniuliza mimi?" Alikuwa anakoroga kahawa. "Kazi hii nimeanza wewe hujaota meno."

"Najua. Umetumia lipi?"

"La bunduki! Lipi tena? Kunywa kahawa, acha kelele."

Sikunywa. Nilichukua nyundo ya kutolea vichwa vya risasi, nikafungua kisanduku changu, nikaanza kugonga. Risasi ya kwanza ikamwaga baruti ya vijiti vijiti: sawa. Ya pili, sawa. Nikaanza kujiona mjinga. Ya tano ikamwaga sahanini chenga bapa, nyeusi, kama pilipili manga iliyotwangwa. Baruti ya bastola.

Baba akasogea, akaisugua kwa vidole. Akaisogeza karibu kabisa na macho. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikamkasirikia mpaka macho yakaniwasha.

"Urho ameshachukua chake?"

"Asubuhi."

Hata hajamaliza kusema, tukasikia mlio kutoka machimbo ya kokoto. Urho, mdogo wangu, alikuwa anajaribu bunduki yake. Pah! Kisha wa pili.

Sijui nilifikaje kwenye pikapu. Iliteleza mara mbili, honi nimeibana njia nzima, na kila nikisikia mlio nasema, Mungu wangu, bado mzima, basi huu uwe wa mwisho. Nilimkuta amelala kifudifudi juu ya gunia, shavu kwenye kitako cha bunduki, kidole tayari.

"Weka chini! Weka chini, mjinga wewe!"

"Vipi, dada? Nani kafa?"

"Risasi za baba! Kachanganya baruti!"

Hakushtuka. Hicho ndicho kilichonimaliza. Aliinuka taratibu, akatazama nyuma ya gari lake, nami nikatazama. Palikuwa na kisanduku cha dukani, kipya, kimefunguliwa.

"Mwaka wa tatu huu sijapiga za baba," akasema. "Nilimwona siku moja anamwaga baruti nje ya ganda. Zake nimezifungia kwenye kabati, namrudishia maganda ya dukani."

"Na mimi?"

"Wewe ungemwambia."

"Na mimi, Urho? Mimi nimekuwa nazipiga! Kwa shavu hili, kwa macho haya!"

Aliinama, akaanza kuokota maganda yake. Nilitaka kumzaba kofi ila nguvu sikuwa nazo. Nikamwambia alete kila alichokificha, nikageuza gari.

Baba alikuwa amezibomoa zangu zote zilizobaki. Mbaya zilikuwa tatu, amezitenga kwenye kisosi.

"Yuko mzima?"

"Mzima. Hajapiga hata moja." Njiani nilikuwa nimetunga uongo mzuri tu, lakini nilishindwa kuusema.

"Na mwaka jana? Na mwaka juzi?"

Nikavua glavu. Akanipa ganda moja, akanionyesha nipitishe kidole gumba ukingoni mwa kitako chake. Palikuwa na mkwaruzo mdogo wa tupa, ambao maisha yangu yote sikuwahi kuujua.

"Kila ganda langu nalitia alama," akasema. "Ya Urho yanarudi hayana. Macho yameniacha, Hilja. Kidole bado."

"Kumbe ulijua! Na bado ukaendelea kumtengenezea?"

"Yako yalikuwa yanarudi na alama." Alifuta chenga mezani kwa kiganja, polepole. "Nikawa najiambia, maadamu Hilja anapiga zangu, bado mimi ni fundi. Kumbe nilikuwa nataka kukuua, mwanangu."

 Niliketi kwenye kigoda chake bila kuvua koti, theluji inanidondoka miguuni.

"Kesho nenda na za dukani," akasema.

Miaka yote ningebisha. Ningemwambia za dukani zinapiga miti. Alikuwa ananitazama, nadhani alikuwa anangoja nibishe.

"Sawa, baba," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akavuta kisanduku changu kitupu, akaanza kulibandua jina langu kwa ukucha.